Ngazi za Mabanzi Katika Mji wa Misumeno

Kabla king'ora cha kiwanda cha mbao hakijauamsha mji, Mama Ngazi ameshapiga magoti kwenye ukungu, nyundo mkononi na misumari miwili mdomoni, anagonga kidato kilicholegea. Maji yananguruma chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki bado. Juu ya kichwa chake misonobari imejipanga kwenye ukingo wa mlima, magome yake yakidondosha umande.

Anagonga, anatega sikio, anagonga tena. Kisha anaitema misumari kiganjani na kukitazama kidato kile kama mama anavyomtazama mtoto aliyeapa kwamba ameshanawa mikono.

"Hiki jana kilinihadaa," anasema. "Kilinyamaza mchana kutwa. Wageni wamepanda, wameshuka, kimya. Akaja baba mmoja wa mwisho, mtu mwenye mwili wake, akakikanyaga kikalia. Maskini akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia tulia baba, mwenye kosa ni mimi, si kitambi chako."

Anacheka mwenyewe, anapigilia msumari wa kwanza, kisha wa pili. Akimaliza anasimama juu ya kidato na kurukaruka kidogo, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, gauni limekunjwa magotini, viatu vya mpira miguuni. Kidato hakisemi neno. Anahamia kinachofuata.

Ukishuka kwenye basi katika mji huu mdogo, wabeba mizigo hawana haja na jina lako wala utokako. Wanachotaka kujua ni kitu kimoja tu, unakwenda majini au mbaoni. Ukijibu vibaya utajikuta umebebewa begi lako hadi kwenye uwanja wa magogo, umezungukwa na malori, unajiuliza maporomoko yako wapi.

Majini ni kwenye maporomoko matatu yaliyoupa mji huu jina kwa watu wa mbali. Wanakuja na mahema, na baiskeli za kupandia milima, na kamba za kuning'inia kwenye miamba. Wengine wanakuja na viatu vya kwendea harusini, nao hao Mama Ngazi huwatazama miguuni kwanza, akashusha pumzi, ndipo akawasalimu.

Mbaoni ni kiwandani, na kiwanda ndicho kilichotangulia. Mji ulizaliwa kwa ajili ya misonobari, na mpaka leo vumbi la mbao linatua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na ndani ya chai ya asiyefunika kikombe. Duka kubwa la barabara kuu lina rafu mbili zinazotazamana, moja ya minyororo ya misumeno, nyingine ya makoti ya mvua na nguo za kuogelea. Muuzaji haoni ajabu yoyote. Katika nyumba ya wageni alikolala mwandishi wa makala haya, kuta ni za mbao nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unampa pole bila kuinuka kitandani.

Mama Ngazi ni wa majini, lakini mkate wake umetoka mbaoni tangu akiwa msichana. Hapo ndipo penye kisa chake.

Ngazi anazozigonga kila asubuhi ni zake kwa maana kwamba yeye ndiye aliyezijenga. Zinateremka kutoka barabara ya msituni hadi kwenye poromoko la tatu, lile kubwa, ambalo zamani lilifikiwa na wawindaji na vichaa tu, kama anavyosema mwenyewe. Amezijenga kwa mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo yanayobaki mashine ikishachukua mbao nzuri. Watu wengine wa mji huyapikia chakula au kuyazungushia banda la kuku. Yeye huyachagua moja moja kwenye rundo nyuma ya kiwanda, akiyageuza na kuyanusa, mpaka walinzi wamemzoea.

Upande wa duara unakwenda chini, upande uliopitiwa na msumeno unakuja juu. Kabla ya kulilaza banzi analipitisha motoni kidogo ili mchwa wasilionje, kisha analichanja juu kwa shoka dogo ili mguu wa mgeni ushike hata kukiwa na rasharasha za maji. Kazi hiyo aliianza peke yake, pale alipopunguzwa kazi kwenye kitalu cha miche. Watu walimcheka. Wifi yake, dada wa mumewe, anayeuza chai na maandazi pale ngazi zinapoanzia, anakiri kwamba yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Nilidhani kupunguzwa kazi kumempanda kichwani," anasema wifi huyo, akimimina chai. "Mtu anajenga ngazi kwenda kwenye maji! Maji hayana mlango, hayana kiti, unakwenda kuyafanyia nini? Sasa hivi ndiyo yanayonilipia kodi ya nyumba. Nimenyamaza."

Kitu kinachomshangaza kila mgeni ni kwamba Mama Ngazi anaongoza akiwa nyuma. Waongozaji wote duniani hutangulia. Yeye huwaambia wageni watangulie, njia ni moja, hawawezi kupotea, na yeye atawafuata. Mwandishi alipomwuliza sababu alijibu kwamba mtu anayemfuata mtu huona visigino vyake tu. Atafika majini amechoka na ameona visigino. Lakini pia anapokuwa nyuma anavisikia vidato vikikanyagwa na miguu ya watu wa kila uzito, na kwa mlio tu anajua kipi cha kugonga kesho.

Siku ile walitangulia bibi na bwana harusi wapya kutoka jijini, na mtu asingehitaji kuambiwa kwamba wamenuniana tangu usiku. Bwana alikuwa amesahau kulipia chumba mapema, wakalala kwenye vitanda viwili vya watoto. Bibi alishuka ngazi nzima bila kugeuka. Mama Ngazi nyuma yao alikuwa akigonga fito za kushikia na kunung'unika wimbo.

Kwenye kona ya mwisho msitu unafunguka ghafla na poromoko linakukabili lote, maji meupe yakishuka kwenye mwamba mweusi, upepo wake ukikulowesha kabla hujakaribia. Bibi harusi alisimama. Akamtafuta mumewe kwa mkono bila kumtazama, akamshika shati. Mama Ngazi akamkonyeza mwandishi na kunong'ona kwamba hii ndiyo sababu hatozi pesa za kupatanisha, maji yanafanya bure.

Siku nzuri kama ile analeta nyumbani pesa ya unga na mafuta ya wiki nzima. Siku ya mvua analeta matope. Lakini asubuhi ile, hata alipokuwa akiwatania wageni, macho yake yalikuwa yakipanda juu kwenye ukingo kila mara, kwenye ile misonobari minene iliyozikalia ngazi kama walinzi. Wifi yake alikuwa ameshamwambia mwandishi tangu chai ya kwanza kwamba leo ndiyo leo, Bwana Misitu, yule ofisa wa misitu, anakuja mchana kusikia neno la kaka yake yeye wifi.

Misonobari ile imekomaa. Ilipandwa ivunwe na wakati wake umefika, na maagizo ya ofisi ya misitu ni kwamba kipande chote cha juu ya maporomoko kikatwe msimu huu kabla ya mvua. Hakuna uonevu hapo, ndiyo kazi ya mji. Maagizo yana mlango mmoja tu wa kutokea. Mti ambao kiongozi wa wakataji atasema hauwezi kuangushwa bila kuhatarisha watu, huo unaachwa ulipo.

Na kiongozi wa wakataji ni mume wa Mama Ngazi.

Mji mzima unamwita Haubaki. Jina hilo alipewa na wenzake zamani, kwa sababu mti ukishawekewa mkono wake haubaki umesimama. Ameangusha miti iliyoegemea nyumba, miti iliyoshikana na nyaya za umeme, na mti mmoja uliokuwa umeota katikati ya makaburi, ambao ulilala kati ya misalaba bila kugusa hata mmoja. Hajawahi kusema siwezi. Dada yake anasema hata chakula kikiungua huwa anasema anakiweza.

Kama angesema neno moja hilo kuhusu miti ya ukingoni, ngazi zingebaki na kivuli chake na udongo wake. Asingesema, misonobari ingeanguka wiki ijayo, na mvua ya kwanza ingemaliza kazi. Hilo mke na mume wanalijua bila kuambiwa na mtu, maana walishalionja mwaka jana kwa kosa ambalo lingeweza kufanywa katika mji huu tu.

Ilikuwa hivi. Wageni wakaidi walikuwa wakishuka bila mwongozaji na kupotea kwenye njia za ng'ombe, ambazo wakati huo hazikuwa zimezibwa. Mama Ngazi akaona awawekee alama. Nyumbani palikuwa na kopo la rangi nyekundu lililobaki kazini kwa mumewe, na mumewe alikuwa kitandani, mguu umeteguka. Akalichukua. Haubaki anasema alidhani mkewe anakwenda kupaka rangi mlango wa banda la kuku. Mama Ngazi akashuka na njia yote akipaka doa jekundu kwenye mti mmoja baada ya mwingine, usawa wa kifua, lionekane vizuri.

Sasa, katika msitu wa kupandwa, doa jekundu usawa wa kifua lina maana moja. Kata.

"Mimi nimelelewa kwenye kitalu cha miche," anasema, akijifunika uso kwa kiganja. "Doa jekundu nalijua kabla sijajua kusuka nywele. Lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kwa wageni. Nilikuwa nasimama mbali naangalia, najisifu, nasema hapa hata kipofu hapotei."

Kwa kuwa Haubaki alikuwa anauguza mguu, kikosi cha mahali pengine kilikuwa kimekuja kumshikia kazi. Wakakuta miti yenye madoa imejipanga kwa kupindapinda mpaka majini. Inasemekana mmoja wao alisema aliyeweka alama hizi alikuwa amelewa, lakini rangi ni rangi. Wakawasha misumeno. Mama Ngazi aliusikia mlio akiwa sokoni. Alipofika ameishiwa pumzi, kona nzima ya pili ilikuwa wazi, visiki vimekaa vinamtazama, na wakataji wakamsalimu kwa heshima na kumwuliza kama amewaletea chakula.

Haubaki alicheka usiku ule mpaka mguu ukamwuma. Mji ukacheka naye. Kisha mvua ikanyesha, ukingo wa kona ya pili ukateremka wote kama uji, ukazizoa ngazi na kuzitupa mtoni. Kicheko kikaisha. Mama Ngazi alikaa msimu mzima akijenga upya, na Bwana Misitu akaweka sharti kwamba safari nyingine usikatwe hata mti mmoja wa ukingoni kabla ya kiongozi wa wakataji kutamka mwenyewe.

Basi mtu angetarajia kwamba mke amemwomba mumewe. Hajamwomba. Mwandishi alimwuliza hilo mara mbili, akidhani hakusikia vizuri.

"Nimwombeje?" alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Watoto wangu wamesoma kwa msumeno. Paa langu limeezekwa kwa msumeno. Haya mabanzi unayoyakanyaga yametoka kwa msumeno. Nikimwomba akakubali, watu wake watasema ameshikwa sikio na mke. Akikataa, tutalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, mpaka tuzeeke. Kazi yake naiheshimu. Atasema atakachosema."

Kisha akaongeza kwamba anaogopa. Hakuficha. Alisema kwamba wiki nzima nyumbani wamezungumza habari za chumvi na kuni tu, na kwamba usiku anamsikia yuko macho naye anajifanya amelala, na bila shaka mwenzake anafanya vivyo hivyo.

Bwana Misitu alifika mchana kwa pikipiki, kijana mpole, akamwamkia Haubaki kabla hajavua kofia. Ngazi zilifungwa kwa kamba. Wageni wakarudishwa juu kwenye meza za wifi, na maharusi, ambao sasa walikuwa wakinywea kikombe kimoja, waliomba wabaki kutazama.

Pamoja na sifa zake zote, Haubaki ni mtu mdogo, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama mbele kidogo. Huwezi kumtambua kati ya watu wake mpaka wanyamaze wote ili wamsikie. Bwana Misitu alimweleza kwa adabu kwamba hataki kumsemea. Mzee ajaribu mti mmoja, ule mgumu kuliko yote kama anaona vema, kisha atamke.

Wakachagua mti wa kwanza wa ukingoni, juu kabisa ya ngazi. Misonobari ya hapo imekula mwanga wa upande wa mto tangu ikiwa midogo, kwa hiyo matawi yote mazito yako upande huo, upande wa ngazi. Ukiukata mti huo na kuuachia, utaanguka ulikoelemea. Ili kuziokoa ngazi, ilibidi uangushwe kinyume, upande wa mlimani.

Haubaki aliuzunguka mti. Akapiga goti, akatazama juu kwa muda mrefu, akahama hatua chache, akatazama tena. Aliagiza kamba ya chuma ifungwe juu na kuvutwa na winchi, mashine ya kuvutia kamba, kutoka kwenye kisiki cha mlimani. Aliondoa watu wawili mahali waliposimama, akawaonyesha pa kusimama. Mama Ngazi alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya ngazi, nje ya kamba, mikono mapajani.

Msumeno ukalia. Alikata mdomo, ule mkato wa kuuelekeza mti, upande wa mlimani, akazunguka nyuma, akaingia taratibu, akasimama, akapigilia kabari, akaingia tena. Winchi ikakaza. Mti ulitetemeka kileleni, na kwa kitambo ulibaki hapo hapo, kama mtu aliyeinuka kwenye kiti akasahau alikuwa anakwenda wapi. Haubaki akaigonga kabari ya pili kwa nyuma ya shoka, mara moja tu.

Ukaenda mlimani. Ulilala pale pale alipokuwa ameonyesha kwa kidole, haukugusa kamba, haukugusa mti jirani wala ngazi. Watu wake wakapiga mbinja. Bwana harusi akapiga makofi, kisha akaona Mama Ngazi alivyokaa, akaacha.

Maana kila mtu sasa alikuwa amepata jibu. Kama mti mgumu kuliko yote umelala vile, iliyobaki ni mchezo. Wifi aliweka birika chini. Baadaye alisema alijisikia fahari na huzuni kwa pamoja, hakujua ashike lipi.

Ndipo udongo ukaanza. Haukuwa mwingi. Kishindo cha mti kilikuwa kimelegeza ukingo kuzunguka kisiki, na sasa ulikuwa ukichuruzika kidogo kidogo, kokoto na majani, ukishukia vidato vya juu. Mama Ngazi aliinuka. Akachukua ufagio wa vijiti unaokaa kwenye kibanda cha wifi yake, akapita chini ya kamba bila kuomba ruhusa, akaanza kufagia. Hakumtazama mumewe. Alifagia kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, na alipogeuka cha kwanza kilikuwa kimeshajaa tena. Akarudi akakifagia.

Haubaki alikuwa anamtazama. Msumeno ulikuwa bado unanguruma mkononi mwake.

Akaenda kwenye mti wa pili. Aliweka kiganja kwenye gome, akatazama juu kwenye matawi, akatazama chini kwenye ngazi. Wenzake walikuwa wameshaanza kuisogeza kamba ya chuma. Akazima msumeno.

"Huu siuwezi," alisema.

Mtu wa winchi alidhani amesikia vibaya akaomba arudie, naye akarudia, kwa sauti ile ile.

Bwana Misitu aliuelekezea kidole mti uliolala mlimani. "Mzee, na ule wa kwanza?"

"Bahati."

Wanaume wale wamefanya kazi naye miaka mingi. Wanamjua kwamba hajawahi kuiita kazi yake bahati, hata ule wa makaburini. Mmoja akafungua mdomo kusema neno, Haubaki akamtupia jicho, mdomo ukafungwa.

"Na huu unaofuata siuwezi, na ule pale. Yote ya ukingoni mpaka kule majini," aliendelea. "Nikijaribu nitaua mtu. Ya juu huko tutakata kuanzia Jumatatu."

Bwana Misitu alikwenda kwenye kisiki, akakipapasa. Kilikuwa kimekatwa safi kama meza. Akautazama mti ulivyolala, akamtazama mzee, na mzee akamtazama yeye uso mkavu. Mwishowe kijana yule alisema kwamba kama Haubaki amesema hawezi, yeye hana mtu mwingine wa kumwuliza, na miti ile itaachwa. Akaaga, akawasha pikipiki yake.

Haikuwa sherehe. Wakataji wanalipwa kwa mti, na walikuwa wamepoteza miti mizuri kwa neno la mtu mmoja. Wawili kati yao walikusanya kabari wakiwa wamenuna, na walipopita mbele ya Mama Ngazi salamu yao ilikuwa ya mkato. Aliipokea. Aliendelea kufagia mpaka udongo ukatulia, kisha akaketi juu ya kidato kilichokuwa safi na kulia, bila kujificha, ufagio mapajani. Wifi yake alikuja akakaa kando yake. Hakumbembeleza, alimpa chai.

Jioni, mwandishi alipokwenda kuaga, alimkuta Mama Ngazi ameshapata sauti yake. Alikuwa amekaa uani kwake na mpango mzima umekamilika kichwani. Kona ya pili ataipanda miti ya asili, ile isiyo na bei kiwandani, ili asiwepo mtu wa kuitamani. Miche ameshaiotesha kwenye makopo nyuma ya jiko. Na wale wakataji wawili walionuna atawafundisha kuongoza wageni siku za mapumziko, maana wageni wameanza kuwa wengi na yeye ana masikio mawili tu.

"Wamekosa pesa kwa sababu ya ngazi zangu," alisema. "Basi ngazi ziwalishe. Wakikataa nitawaambia wake zao."

Haubaki alikuwa kwenye kigoda upande wa pili wa uani, ananoa mnyororo wa msumeno jino kwa jino. Mwandishi alimsogelea na kumwuliza, kwa kuwa asingelala bila kuuliza, kama ni kweli kwamba mti ule wa pili haukatiki.

Aliendelea kunoa. "Ulinisikia nilivyosema?"

Mwandishi akasema alimsikia.

"Basi andika hivyo hivyo."

Mkewe alikuwa anasikiliza, ameinamisha kichwa kwenye sinia la mboga alizokuwa akizichambua. Hajamshukuru. Anasema akimshukuru mbele ya watu atavimba asiweze kupita mlangoni, na kwamba mambo mengine watayamaliza wenyewe. Ila alitaka mwandishi ajue jambo moja la kuchekesha. Mume wake amefanya kazi katika msitu huu tangu ujana, ameangusha miti pande zote za mto ule, na hajawahi hata siku moja kuteremka kwenda kuyaona maporomoko.

Mwandishi alimgeukia Haubaki kumwuliza kwa nini.

"Nilikuwa kazini," alisema.

Akapuliza vumbi la chuma kwenye mnyororo, akaunyanyua usawa wa jicho, akautazama. Kisha akauweka chini na kumtazama mkewe, kwa utulivu, mbele ya mgeni.

"Jumapili sina kazi," alisema. "Utanishusha, nikayaone hayo maji yaliyonishinda."